Brashi Inayovaa Wigi

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye vyeti huko, lakini usihangaike kulitafuta, maana hata ukiliita barabarani hatageuka. Mwite Kwanini. Ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima, mkewe akiwemo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mtu mwingine akiumwa na nyuki hupiga kelele. Yeye huuliza kwa nini nyuki amechagua sikio na pua ilikuwa karibu. Kazi ya unyozi ilimfaa kuliko zote, kwa sababu mteja akishakaa kwenye kiti, kichwa kimelazwa nyuma na wembe uko shingoni, hana pa kukimbilia. Maswali yakija, atajibu tu.

Banda lake la kunyolea ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna kiti cha chuma kinacholia kila kikizungushwa, kioo chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na birika la maji ya moto ambalo halipoi tangu asubuhi hadi anapofunga. Ukutani ameandikisha kwa rangi nyekundu: MWENZAKO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Mwandishi wa mabango hakupima nafasi vizuri, neno la mwisho likamponyoka, akaliandika chini peke yake kwa herufi kubwa kuliko mengine. Mpaka leo kuna wapita njia wanaoingia na chupa tupu wakiulizia maji.

Kwanini hanyoi kwa mashine. Anayo, ipo kwenye droo, ya nywele za kichwani. Lakini ndevu kwake ni sabuni, povu, brashi na wembe, kama alivyofundishwa na mzee aliyempa kazi hiyo. Brashi yenyewe aliirithi kwa mzee huyo: mpini mweusi uliolika mahali pa kidole gumba, na nywele za mnyama ambaye hakuna aliyemjua. Kwanini aliuliza miaka na miaka. Fundi viatu wa jirani, mteja wake wa kila siku na mbishi wa kudumu, alishikilia kuwa ni mkia wa farasi. Mwingine akasema ni mnyama wa nchi za baridi, analala mchana. Basi kila mtu na mnyama wake, na brashi ikaendelea kufanya kazi bila kujali. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango, Kwanini aliitia kwenye kikombe cha maji ya moto, akaiacha ilowe hadi ilegee. Brashi ya nywele isipolowa ni ufagio, ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa kuna neno moja ambalo lazima ulijue. Wembe ukifika shavuni, ngozi hulegea ikakwepa. Kwanini husimama, akasema: "Jaza!" Mteja hufunga mdomo, akajaza hewa kwenye shavu likavimba, ngozi ikakaza, na wembe ukapita shwari. Ukienda pale ukasikia mtu anaamriwa "Jaza!", usidhani ni mafuta ya gari. Wateja wa zamani hawasubiri hata kuambiwa.

Na hodari wa kujaza kuliko wote alikuwa kaka yake mkubwa, Refa.

Huyu alichezesha mpira maisha yake yote, mechi za mitaa, za shule, za viwanda, na hata alipostaafu hakustaafu. Akikaa sebuleni kwake alikuwa bado anachezesha: watoto, mke, wageni, paka. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mdogo wake kunyolewa, kwa sababu, alisema, refa mwenye ndevu za hovyo hawezi kumwambia mtu achomekee shati. Akijaza shavu, lilikuwa shavu kweli, linang'aa kwa povu, shavu la miaka ya kupuliza filimbi. Ndugu hawa walipendana sana ingawa ungewasikia ungesema kesho wanapelekana mahakamani. Mmoja anauliza, mwingine anaamua. Ndivyo walivyolelewa.

Kisha kiharusi kikampiga Refa. Kilimpiga upande wa kushoto, na Mungu alisaidia, mguu ukarudi, mkono ukarudi kwa sehemu kubwa, maneno yakarudi na ubishi wake wote. Uso tu ndio uliogoma. Kuanzia sikio la kushoto hadi pembe ya mdomo palikufa ganzi. Alijipiga kofi pale mbele ya daktari, akasema, "Unaona? Kama nampiga jirani." Daktari akasema wasubiri, wengine hurudiwa polepole, wengine hawarudiwi, hawezi kuahidi.

Alipoweza kutembea, safari yake ya kwanza ilikuwa bandani kwa mdogo wake. Watu walimpokea kwa shangwe, benchi likasimama lote. Kwanini alimfunga kitambaa, akampaka povu, akanyoa upande wa kulia akiimba chinichini kwa furaha. Akahamia kushoto. Na mdomo, jamani, mdomo una mazoea yake. Kabla hajafikiri ukasema: "Jaza!"

Refa akajaza. Hewa ikatoka yote kwenye pembe ya mdomo iliyolegea, na sauti iliyotoka nayo, nisiieleze sana, unaijua. Povu likaruka hadi kwenye kioo. Fundi viatu alicheka kabla hajajizuia, na Refa mwenyewe akacheka, akasema, "Mpira umetoa pumzi." Wakamaliza kwa kuvuta ngozi kwa vidole, ikawa imepita. Kwanini alidhani imepita.

Kumbe lililomuumiza Refa lilimngoja njiani. Brashi ya nywele, hasa iliyozeeka, hupukutika. Unywele mmoja, mrefu, mweusi, ulikuwa umebaki kwenye pembe ya mdomo wake wa kushoto, nusu ndani nusu nje. Mtu mwingine angeutema. Yeye hakuusikia. Alitembea nao barabara nzima, akasalimia watu, akasimama sokoni akazungumza na vijana wake wa zamani wa timu, akawaambia anaendelea vizuri kabisa. Hakuna aliyemwambia kitu. Alipofika nyumbani mkewe ndiye aliyeuona, akautoa kwa vidole viwili bila kusema neno, na ule ukimya wa mkewe ulimuuma kuliko kicheko cha banda zima.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Kwanini akaenda kumwona, akaambiwa amelala. Akaenda tena, amelala. Mara ya tatu shemeji yake alimtoa hadi uani, akamweleza habari yote ya unywele, akashusha pumzi.

"Amesema nikwambie amekupa kadi nyekundu, shemeji."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Anasema umemtembeza mjini ana nywele ya mnyama mdomoni kama mbuzi." Shemeji alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Hatoki, shemeji. Hata kibarazani. Mtu akibisha hodi anaingia chumbani. Ndevu zimemfika hapa. Nikimwambia nimnyoe mimi, ananiambia huo uso si wake, tuuache."

Kwanini alirudi bandani amenyong'onyea. Alijaribu kukasirika, maana yeye ndiye aliyeonewa, au siyo? Brashi imepukutika, yeye afanyeje, aihesabie nywele? Lakini hasira haikukaa. Kilichokaa ni lile neno, huo uso si wake. Aliogopa. Kaka yake alikuwa mtu wa kusimama katikati ya uwanja, watu maelfu wakimtukana, na asitikisike. Na sasa anamkimbia muuza maziwa. Asipotolewa mle ndani mapema atazoea, na mtu akishazoea giza, mwanga unakuwa ndio ugonjwa. Kwanini alitaka kumnyoa kaka yake tena. Hakutaka kitu kingine.

Na kwa kuwa alikuwa yeye, huzuni yake ikageuka swali. Kwa nini nywele za brashi zinang'oka? Je, ipo isiyong'oka?

Alimuuliza dada anayepita na begi la bidhaa za saluni, yule anayeuza makopo, vitana na rangi za kucha kutoka banda hadi banda. Dada akacheka, akachimbua ndani ya begi, akatoa brashi fupi nene, yenye nywele nyeupe zilizokolea kahawia katikati, laini ajabu.

"Hii haing'oki, kaka."

"Mnyama gani?"

"Hakuna mnyama. Nywele za kiwandani. Nailoni hizo, sijui plastiki, wanajua wenyewe."

Kwanini aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Fundi viatu, aliyekuwa kwenye kiti na povu tayari usoni, aliinua shingo.

"Nywele za bandia?" akasema. "Hata brashi zinavaa wigi siku hizi! Dunia imekwisha."

Banda likaangua kicheko, na kuanzia saa ile brashi ikaitwa Wigi.

Kwanini hakucheka sana. Alikuwa ameshaanza kuivuta. Akavuta nywele moja, akavuta tatu, akaipiga kwenye kiganja, akaichana kwa kitana. Haikutoa kitu. Usiku, hapana, jioni ile ile, mkewe alimkuta jikoni amekata unywele mmoja wa Wigi na mmoja wa brashi ya zamani, anauchoma kila mmoja kwenye kiberiti. Wa zamani ulijikunja ukanuka kwato. Wa Wigi haukuungua, uliyeyuka ukawa kidonge kidogo cheusi.

"Unafanya nini?"

"Naonana nao."

"Watu wanaonana na wageni, wewe unaonana na brashi," akasema mkewe, akafungua dirisha.

Asubuhi yake aliitia Wigi kwenye kikombe cha maji ya moto, akaiacha ilowe muda ule ule aliozoea, akaizungusha kwenye sabuni na kumwendea fundi viatu. Loo! Maji yalishuka kama bomba limepasuka. Yakaingia kwenye kola, yakapita kifuani, na povu lenyewe likawa jepesi kama la maji ya kuoshea vyombo, linateleza halikai. Alipokandamiza, nywele zikajikunja na kujifyatua, tone la povu likamwingia mteja jichoni.

"Nimekuja kunyolewa au kubatizwa?" alifoka fundi viatu. "Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi! Rudisha brashi ya farasi!"

Mwingine angerudisha. Kwanini alivuta kigoda akakaa mbele ya ndoo, akaanza kuiuliza ile brashi kama anavyowauliza watu. Kwa nini ile ya nywele ilihitaji kulowa? Kwa sababu nywele ya mnyama inakunywa. Maji yanaingia ndani yake, inalegea, inashiba, inaachia kidogo kidogo. Je, hii inakunywa? Aliitia, akaitoa, akaikung'uta mara moja, akaigusa. Kavu karibu kabisa. Haikunywa hata tone! Maji yote ilikuwa inayabeba katikati ya nywele, kama mtu anayebeba maji kwa mikono, na ukiigusa inayamwaga. Basi hii hailowekwi. Hii inachovywa, inakung'utwa, inapewa sabuni, halafu inadaiwa maji matone matone.

Alifanya hivyo, na povu likatoka zito, jeupe, linasimama lenyewe. Alijipaka nusu ya uso akaenda nayo hadi mlangoni kwa jirani kumwonyesha. Akapaka mkono wa kiti. Akapaka birika. Nyumbani alimpaka mkewe goti, mkewe akamwambia kama ana akili timamu akanyoe lile birika lake. Na kulikuwa na jambo jingine lililomshangaza zaidi. Brashi ya zamani, ikishalowa, ililala juu ya ngozi. Wigi hailali. Ukiisukuma nayo inakusukuma, kila unywele unarudi mahali pake, na ngozi inasikia mguso hadi chini, bila kuchomwa. Alifumba macho akajipitishia shavuni, mara hii, mara ile, mara hii, mara ile. Alijua tofauti bila kuangalia.

Kulibaki tatizo la kujaza. Alijinyoa shavu moja likiwa limelegea kabisa, akajikata. Akajaribu kuvuta kwa vidole, vikateleza. Mwishowe alikumbuka vile vibabu visivyo na meno, mwalimu wake alivyokuwa akivinyoa: alivitaka vitie kidole chao wenyewe ndani ya shavu, visukume kwa nje. Akajaribu mbele ya kioo, kidole mdomoni, wembe mkononi, na wembe ukapita shwari. Aliyepita dirishani akadhani anang'oa jino.

Basi siku moja ya katikati ya wiki alifunga banda asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila msiba, akaweka vifaa kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kwa kaka yake. Hakubisha hodi mlango wa mbele. Alizunguka uani, shemeji yake akamwonyesha kwa kidevu mlango wa chumba, akaingia.

Refa alikuwa ameketi kitandani, redio inanong'ona mpira. Ndevu zilikuwa nyingi, nyeupe upande mmoja kuliko mwingine, na Kwanini alipoziona moyo ulimwuma hadi akasahau aliyokuwa ameyapanga kusema.

"Nani amekuruhusu kuingia uwanjani?" akauliza Refa bila kugeuka.

"Sikuja kukunyoa, kaka."

"Mfuko huo una nini, mboga?"

"Nimekuja na brashi. Nataka uikague. Wewe si ulikuwa unakagua viatu vya wachezaji kabla ya mechi? Kagua na hii. Ukitoa unywele mmoja, mmoja tu, naondoka na sirudi kukusumbua."

Alisema hivyo na mara akajuta, maana alijua kaka yake ni mtu wa kushika neno. Refa alizima redio. Akaichukua Wigi kwa mkono wa kulia, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama chini juu. Akavuta kwa kidole na kucha. Akavuta tena. Akaipiga kwenye ukingo wa kitanda. Akaibana kwenye meno ya upande mzima akaivuta kwa nguvu zote, na Kwanini akageuza uso asione.

"Mnyama gani?" akauliza Refa hatimaye.

"Hana. Ni wigi."

Refa aliiangalia ile brashi muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha kupindia upande mmoja sasa, na hakukizuia. "Wigi! Na mimi nimekaa nayo mdomoni!"

"Umeona unywele?"

"Sijaona." Alirudisha brashi, akajikuna kidevu. "Nusu tu," akasema. "Upande wa kulia. Huko kwingine usiguse."

"Heri nusu," akasema Kwanini, na kabla kaka hajabadili mawazo alikuwa ameshapita mlangoni kuomba maji ya moto.

Walikaa karibu na dirisha. Shemeji alileta jagi, kibakuli na taulo, akabaki amesimama mlangoni kama mtu anayepita tu. Kwanini alichovya, akakung'uta, akapaka povu upande wa kulia, akanyoa taratibu, na uso wa kaka yake ukatokea chini ya ndevu kidogo kidogo, ule ule wa siku zote. Refa alifumba macho. Alianza hata kulalamika kuhusu ligi, kwamba marefa wa siku hizi hawakimbii.

Upande wa kulia ukaisha. Kwanini akafuta wembe, akaunoa kwenye mkanda, na wakati mkono mmoja unanoa, mwingine, kwa mazoea ya maisha mazima, ukaitumbukiza brashi ndani ya jagi na kuiacha humo. Hakujua kuwa amefanya hivyo. Alikuwa anafikiri atasemaje.

"Kaka, umebaki nusu. Ukipiga chafya hapa watu watadhani mko wawili."

"Nilisema nusu."

"Nipake povu tu. Nisinyoe. Uone lilivyo."

Refa hakujibu. Kwa Refa, kutojibu ni kukubali, tangu utotoni. Kwanini alinyanyua Wigi kutoka kwenye jagi bila kuikung'uta, akaizungusha kwenye sabuni juu juu, akaiweka shavuni kwa kaka yake, karibu na sikio, akakandamiza.

Maji yote yakashuka.

"We bwana wee!" alipiga kelele Refa. "Unanimwagia maji ya moto sikioni! Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Samahani, kaka, samahani, nimesahau, hii haitaki..." Kwanini alikuwa ameshashika taulo. Akasita. "Sikio gani?"

"Sikio gani! Si hili hapa!" Na Refa akajipiga kofi kwenye sikio lake la kushoto.

Mkono wake ukabaki pale pale. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kiwiko. Mlangoni shemeji aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Rudia," akasema Refa kwa sauti ndogo.

"Nirudie maji?"

"Usiniulize maswali leo. Rudia. Bila maji. Nimefumba macho."

Kwanini aliikung'uta brashi, akaifuta kwenye taulo hadi ikawa kavu na wima. Akaigusisha kwenye sikio, akaizungusha.

"Ndani," akasema Refa.

Akashuka kidogo, chini ya sikio.

"Ndani. Kidogo, lakini ndani."

Akaenda katikati ya shavu. Refa alisubiri, nyusi zimekunjamana, amejikaza kisabuni. "Nje," akasema. Kwanini akajaribu karibu na pua. "Nje." Kwenye taya. "Hapo... ngoja. Rudia hapo. Kandamiza. Mbele kidogo. Ndani! Ndani hiyo! Inatekenya!"

"Hujanidanganya?"

"Mimi nimewahi kudanganya uwanjani?" Machozi yalikuwa yanamtoka Refa chini ya kope zilizofumbwa, yanashuka kwenye shavu la kulia lililonyolewa na la kushoto lenye ndevu, na sijui kama aliyasikia yote mawili. Kwanini naye alikuwa analia waziwazi, kamasi na kila kitu, brashi mkononi. Shemeji alikwisha kukaa chini sakafuni.

Walipita uso wote hivyo, ndani, nje, ndani, nje, mara ya pili na ya tatu. Sehemu nyingi zilikuwa nje, tusidanganyane. Pembe ya mdomo haikusikia kitu hata Kwanini alipoiomba. Labda ganzi ilikuwa imeanza kuondoka yenyewe siku nyingi na hakuna aliyegusa pale kujua, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekataza. Kwanini alikuwa na maswali yanayojaa gunia, akayameza.

"Ninyoe sasa huku?" akauliza.

"Acha. Pamechoka. Njoo kesho. Mapema, kabla ya habari."

Kwanini alifungasha vifaa vyake, na alipotoka uani Refa alimfuata kumsindikiza, akiendelea kumkatalia kwamba ile ya karibu na kidevu haikuwa nje, ilikuwa juu ya mstari, na mstari ni ndani, hiyo ni sheria. Walibishana kupita kibaraza. Walibishana kupita geti. Walikuwa wameshafika barabarani, jua linawapiga, kabla Kwanini hajatambua kaka yake amesimama wapi, na kabla hajasema kitu muuza maziwa alifunga breki ya baiskeli, akamtazama Refa: upande mmoja msafi unang'aa, upande mwingine ndevu na povu lililokauka.

"Shikamoo Refa! Mbona nusu?"

Refa alisimama wima katikati ya njia, mikono nyuma.

"Ni mapumziko," akasema. "Kipindi cha pili kesho."